Tulirudi sisi, sasa urithi wetu nao urudi

Maneno ya katibu wa Tume ya Urithi mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, hapa Baraka. Sehemu kubwa aliisoma, sehemu nyingine aliongeza kwa mdomo. Tunaichapa jinsi ilivyosikika, juu wengi waliokosa nafasi ya kuingia ukumbini wameiomba.



Nimepewa dakika ishirini. Najua njaa iko, na harufu ya sombe imenitangulia kufika hapa mbele. Nitajaribu kuwa mfupi. Lakini Papa Prezida aliniomba nisitoe ripoti ya kusifu tu. Alisema: “Katibu, waambie na pale mlipokosea.” Basi nitawaambia. Kuna kosa moja nitalieleza polepole, kwa sababu lilikaribia kuvunja tume, na kwa sababu ndilo lililotufundisha kazi.

Nianzie mbali kidogo, kwa ajili ya wageni.

Wengi wetu humu tulivuka ziwa mwaka wa 1996 vita ilipofika, na wengine mwaka wa 1998 ilipoanza ile ya pili. Tulikaa mkoa wa Kigoma, Lugufu na Nyarugusu. Tulikaa huko miaka kumi, wengine zaidi. Oktoba 2005 HCR ilianza kuturudisha kwa meli, Kigoma mpaka hapa Baraka. Mimi nilirudi mwaka wa 2007 pamoja na mama yangu, bibi yangu na mtoto wetu wa kwanza aliyezaliwa Lugufu.

Tulipofika kijijini hakukuwa na kijiji. Pori tupu. Nyumba zilikuwa za udongo na nyasi, na mvua ya miaka kumi haiachi kitu. Mimi nilisimama barabarani na mzigo kichwani, sijui niende wapi. Mama akatembea mbele, akatafuta, akafika kwenye mwembe mmoja mkubwa. Akaushika. Akahesabu hatua kuelekea mtoni, akasimama, akasema: “Hapa ndio jikoni.” Tulipofyeka, kweli, tulikuta mawe matatu ya moto, meusi bado.

Jioni ile mtoto aliniuliza: “Papa, huu mto unaitwaje?” Mimi niliondoka hapa nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeogelea mule. Nikakosa jibu. Mama ndiye alijibu, akasema jina, akasema na sababu ya jina, na nani alizama mule, na kwa nini watu wa upande wa pili hawachoti maji pale penye jiwe. Maneno ya dakika tano tu. Usiku sikulala. Nilikuwa nawaza: kama mama angekufia Lugufu, kama walivyokufa wengi, yale maneno ya dakika tano yangekuwa wapi?

Tume hii ilianzia hapo. Watu wanafikiri ilianzia kwenye mradi wa wafadhili. Hapana. Ilianza na watu watano, daftari moja ya shule na biki mbili, chini ya ule mwembe. Wafadhili walikuja baadaye na tunawashukuru, nitawafikia.

Urithi ni kitu gani?

Mtu wa nje akisikia “urithi” anafikiri ngoma na nguo za raffia. Na sisi mwanzoni tulifikiri hivyo. Tulienda kwa mzee mmoja wa Mutambala tukamwambia tunataka kuandika mila. Akacheka. Akatuuliza: “Mnajua mpaka wa baba yenu na wa baba zao wale?” Hatukujua. “Mnajua nani alimpa nani pahali pa kukaa, na kwa mbuzi ngapi?” Hatukujua. “Basi anzieni hapo. Ngoma itakuja yenyewe.”

Mzee alikuwa na haki. Wapendwa wafadhili, eleweni jambo hili. Sheria ya ardhi ya Congo, ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu ardhi ambayo watu wa vijiji wanakaa na kulima kwa desturi, kifungu cha 389 kilisema haki zao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka ikapita mingi, ordonansi haikutoka. Kwa hiyo huku kwetu mtu akikuuliza karatasi ya shamba lako, mara nyingi karatasi yako ni mzee. Ni yule anayekumbuka babu yako alipanda mchikichi gani. Mzee akifa, karatasi imeungua.

Sasa ongeza kwamba nusu ya kijiji ilikuwa Tanzania miaka kumi, na nusu nyingine ilibaki, ikajificha porini, ikarudi, ikalima pale ilipoweza. Waliobaki wanasema: “Ninyi mlikuwa mnakula rasheni, sisi tulilinda nchi.” Waliorudi wanasema: “Ile michikichi ilipandwa na baba.” Wote wawili wanasema kweli. Kumbukumbu ikikosekana hapo, panga ndiyo inasema.

Basi kwa tume yetu urithi ni majina ya vilima na mito, mipaka, makaburi, nani aliwapokea akina nani, mbegu, dawa, vyombo, methali, nyimbo za kazi na za msiba, lugha zenyewe. Na ngoma pia, ndiyo. Ilikuja yenyewe, kama mzee alivyosema.

Kosa letu

Sasa nifikie pale Papa Prezida alipotaka.

Mwaka wa pili wa kazi tulikuwa na madaftari manne. Katika moja, mzee mmoja alitueleza habari za bonde fulani: nani alifika kwanza, nani alikaribishwa, michikichi ya nani iko wapi. Tuliandika vizuri, ukurasa mzima na nusu. Mimi mwenyewe ndiye niliandika.

Siku moja alinijia ndugu mmoja, mtu wa heshima, mwanachama wetu aliyerudi kutoka Nyarugusu. Akasema: “Katibu, nimesikia mko na maneno ya mzee juu ya bonde letu. Nipe fotokopi, niwaoneshe watoto.” Kuwaonesha watoto! Si ndiyo kazi yetu? Nikafurahi. Nikampa.

Juma la pili nikasikia ile fotokopi iko tribinali. Ndugu yetu alikuwa na kesi na jamaa waliobaki, juu ya michikichi ile ile. Na yeye hakupeleka ukurasa mzima na nusu. Alipeleka ukurasa mmoja. Ile nusu, ambapo mzee alisema kwamba familia ya pili ilipewa upande wa chini wa bonde kwa mkono wa heri na haiwezi kuondolewa, ilibaki nyumbani.

Mambo ya hapo mnayajua. Familia ya pili ilisema tume imenunuliwa. Walisema chama cha waliorudi kimetengeneza tume kwa kuwanyang'anya waliobaki. Vijana wao walikuja kwangu usiku, hawakunipiga, lakini walikuja. Mzee aliyetupa maneno aliogopa, akawaambia wanawe wasifungue mlango tukifika. Na katika vijiji vitatu jirani bazee walinyamaza. Unafika, unapewa kiti, unapewa maji, unauliza, wanakujibu: “Sisi tumesahau.”

Bandugu, hakuna aliyekuwa amesahau.

Tulikaa miezi mitatu bila kuandika kitu. Wengine kati yetu walisema tufunge, turudie mambo ya mikopo na mashamba. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa tume, namsalimu, yuko pale nyuma. Alisema: “Mlichukua maneno kwa watu, mkayafunga ndani ya sanduku, kisha mkampa mtu mmoja. Yarudisheni kwa wote.”

Tukaomba lubunga. Wageni, lubunga ni kikao cha bazee cha Babembe, pale mambo ya kijiji yanaposemwa wazi. Tulikwenda kwa shefu, tukaomba msamaha, tukatoa kinywaji na mbuzi kama inavyotakiwa. Familia zote mbili zikaitwa. Mimi nikasimama, nikasoma ukurasa mzima na ile nusu, mbele ya wote, kwa Kibembe na kwa Kiswahili. Mikono ilikuwa inatetemeka, nasema kweli.

Nilipomaliza kukawa kimya. Halafu mzee wa familia ya pili akasema: “Hayo ndiyo maneno. Lakini umeruka mti mmoja.” Akataja mti. Mzee wetu akaitikia: “Kweli, ule nilisahau.” Tukaandika mti. Kesho yake familia zote mbili, bazee na vijana, walitembea bonde lote kwa miguu, kutoka barabara mpaka juu, mti kwa mti. Vijana wetu wakachora ramani kwa kalamu. Kesi ilitolewa tribinali kwa mapatano. Sisemi wanapendana sana. Lakini wanavuna mawese, kila mmoja upande wake, na msimu uliopita walikodi pamoja gari ya kupeleka mafuta Uvira.

Kutoka siku ile tuko na kanuni nne. Ziko ukutani pale ofisini:

Kwanza, kila maneno tunayoandika yanasomwa tena mbele ya aliyeyasema, akiwa hai, na anaweza kufuta.

Pili, maneno ya mipaka na ya kufika kwa watu yanasomwa mbele ya pande zote kabla ya kuingia katika daftari kubwa. Kama hawakubaliani, tunaandika yote mawili, kila upande na maneno yake.

Tatu, hakuna ukurasa unaotoka kwa mkono wa mtu mmoja. Anayetaka kusikia anaitwa pamoja na jirani yake, tunawasomea wote.

Nne, nakala moja ya daftari inakaa kijijini maneno yalikotoka. Si Baraka, si Bukavu, si kwa katibu.

Ile ya nne ndiyo ngumu na ndiyo muhimu zaidi.

Ukurasa mweupe

Jambo lingine tulilojifunza ni kuacha.

Babembe, kama ndugu zao Balega wa Mwenga na Shabunda, wako na mambo ya Bwami. Babembe wako na Alunga pia, na ule uso wake wa pande mbili wenye macho makubwa. Wakati wa mkoloni Bwami ilipigwa marufuku, bazee wakajificha. Wengine walifungwa. Kwa hiyo mzee akimwona kijana na daftari na telefone ya kurekodi, anamkumbuka nani? Anamkumbuka ajenti wa Serikali.

Mzee mmoja alituambia: “Kuna maneno ya njiani na maneno ya ndani. Ya njiani chukueni yote. Ya ndani, mtu anaingia kwa miguu yake, hasomi.” Kijana wetu mmoja alitaka kumbembeleza, akamwambia kwamba yakipotea itakuwa hasara. Mzee akajibu: “Yakipotea, yatakuwa yamepotea kwetu. Ukiyauza, yatakuwa yamepotea na sisi tunaangalia.”

Basi tunaacha ukurasa mweupe. Juu yake tunaandika tu: “Hapa kuko jambo. Lina wenyewe.” Katika daftari ya pili kuko kurasa kama hizo kadhaa. Mfadhili mmoja alipoziona aliuliza kama kazi haijaisha. Tukamwambia: mama, hizo ndizo zimeisha.

Na tunawaza juu ya vile vilivyoondoka zamani. Nyuso za Alunga na sanamu za mababu wa huku ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Mtaalamu wa Ubelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa na Balega na Babembe miaka ya 1950, akaandika vitabu vikubwa. Kimoja juu ya sanamu za huku kwetu kilichapwa Tervuren mwaka wa 1981. Ni kazi ya mtu aliyesikiliza, tunamheshimu. Lakini ni Kiingereza, na iko mbali. Mwaka wa 2022 Ubelgiji iliipa Serikali yetu orodha ya vitu karibu 84,000 vya Congo vilivyo Tervuren. Kinshasa kuko makumbusho mapya ya taifa tangu 2019. Mungu akipenda, siku moja kitu kitarudi.

Sisi tume hatuna nguvu ya kurudisha uso kutoka Ulaya. Lakini tunaweza kuchunga tusifanye vile vile sisi kwa sisi, kuchukua kwa mzee wa kijiji na kupeleka mjini, kisha mjukuu wake akitaka kusikia sauti ya babu yake apande moto aje Baraka kuomba ruhusa.

Kazi ya bamama

Nisipotaja bamama nitalala nje leo.

Mwanzo tume ilikuwa na wanaume wanne na mama mmoja, na tulikuwa tunauliza wanaume. Kosa lingine hilo. Juu mipaka ilikuwa kwa wababa, lakini mbegu zilikuwa kwa bamama. Tuliporudi tulipewa mbegu za mradi, kila nyumba sawa. Zile za zamani, aina za maharage na za muhogo ambazo bibi zetu walikuwa nazo majina, hazikuwepo tena. Kumbe bibi mmoja aliyebaki, aliyekimbilia milimani upande wa Itombwe, alikuwa amebeba maharage yake ndani ya kibuyu kidogo. Kila msimu alipanda kidogo, hata pale penye vita. Alitupa viganja viwili. Leo maharage yale yako katika nyumba nyingi za wanachama, na jina lake liko katika daftari.

Bamama wametupa pia mahali pa udongo wa vyungu, namna ya kukausha ndagala bila chumvi nyingi, nyimbo za kubembeleza mtoto na za kulia maiti. Za maiti hatuzirekodi matangani. Tunangoja matanga yaishe, tunaomba, tukikubaliwa wanatuimbia siku nyingine. Bibi mmoja alikataa. Alisema wimbo ule haufunguliwi bila maiti. Tukaandika ukurasa mweupe.

Batoto wa kambi

Kuko watu wanasema batoto waliozaliwa Tanzania hawana mila. Wanawacheka Kiswahili chao cha Kigoma, wanawaita Batanzania. Naomba tuache. Binti yangu alizaliwa Lugufu. Ile kambi ilifungwa mwaka wa 2009, leo huwezi kwenda kuiona kama ilivyokuwa. Lakini yeye anakumbuka jina la kijiji chake cha kambi, foleni ya maji, shule chini ya hema ambapo walimu wetu waliendelea kufundisha programu ya Congo kwa Kifaransa ili siku moja turudi, kwaya, mpira wa plastiki na kamba. Hayo ni maisha ya watu wetu. Tume imefungua daftari ya Lugufu na Nyarugusu. Vijana ndio wanaiandika, na safari hii bazee ndio wanauliza maswali.

Tumeandika pia ya uchungu. Makobola, siku za mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2010 inasema waliuawa watu zaidi ya 800 pale na katika vijiji jirani. Sisi tunaandika majina, familia kwa familia, kadiri wanavyotupatia. Tunaandika jina, mtoto wa nani, alikuwa anafanya kazi gani, alikuwa anapenda nini. Hatutumii daftari ile kumtafuta wa kumchukia. Anayekuja kwetu na nia hiyo tunamrudisha kwa heshima.

Na hapa niseme wazi, hata kama wengine hawatapenda. Ziwa hili na milima hii vina Babembe, Bavira, Bafuliiru, Babuyu, Babwari, Banyamulenge, Batwa, na tangu 2015 kuko wakimbizi wa Burundi pale Lusenda, ambao wanakula leo ile chumvi tuliyokula sisi. Tume ambayo inaandika kumbukumbu ya watu wa aina moja tu inatengeneza risasi. Tumeanza kualika jirani zetu kusikiliza na kusema. Inaenda polepole. Bazee wawili walitoka kikaoni mara ya kwanza. Mara ya pili mmoja alirudi.

Kushirikisha

Mnauliza: haya yote yanasikika wapi?

Kila mwezi, Jumapili ya mwisho baada ya ibada, tunasoma katika kijiji kimoja. Hakuna mikrofoni. Msomaji ni kijana wa pale pale, na mzee anakaa karibu naye kumsahihisha. Watu wanacheka, wanabisha, wanaongeza. Kijana wa kusoma akifika pahali penye jina la babu yake, mtaona sauti inabadilika.

Kwenye shule tumepeleka vijitabu vidogo vya majina ya mito na vilima, Kibembe upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Tulibishana sana juu ya kuandika Kibembe, wengine wanaweka ile koma ya juu, wengine wanaiacha. Mwalimu mmoja alitumaliza: “Andikeni, batoto wasome. Koma watatafuta wakubwa.” Redio ya hapa inatupa nusu saa, na watu wanapiga simu kusahihisha. Hata kutoka Marekani, Kanada na Australia wanapiga, wale wenzetu waliochukuliwa kutoka Nyarugusu. Mmoja alilia kwenye simu kwa kusikia jina la mto wao.

Wageni wengine wakifika wanauliza habari moja tu: Che Guevara. Ndiyo, alivuka kutoka Kigoma Aprili 1965, akakaa katika milima hii mpaka Novemba, akajiita Tatu. Mzee mmoja amechoka na swali hilo. Siku moja alimjibu mgeni: “Alikaa miezi saba. Mimi niko hapa miaka themanini, uliza na mimi.”

Kwa wafadhili, na kwa sisi wenyewe

Wafadhili wetu, pesa yenu ilinunua vyombo viwili vya kurekodi, madaftari, masanduku ya bati na mafuta ya boti. Na lazima niwaambie: telefone ya kwanza ilianguka ziwani karibu na Ubwari, na sauti za bazee wawili ndani, bila nakala. Mmoja alikuwa ameshafariki. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia watoto wake. Tangu hapo hakuna anayepanda boti kabla ya kuacha nakala nchi kavu.

Hatuombi jengo kubwa lenye jina la mtu ukutani. Tunaomba sanduku la chuma kwa kila kijiji, lenye funguo mbili, moja kwa shefu, nyingine kwa bamama. Tunaomba fotokopi. Tunaomba nauli ya vijana. Na tunaomba msituharakishe. Mradi wa miezi sita unataka matokeo mwezi wa tano, lakini mzee anasema pale anapokuwa tayari.

Wanachama, na ninyi niko na kazi yenu. Juma hili, kila mmoja aende kwa mtu mmoja aliyemzidi umri, amuulize maswali matatu tu. Mto wa karibu unaitwaje na kwa nini? Tulipofika hapa, nani alitupokea? Na kitu gani ulichotaka kuniambia, sikukuuliza? Mkiandika, someni tena mbele yake. Msilete kwetu kabla hajakubali.

Mama yangu alifariki mwaka uliopita. Aliusikia ukurasa wake ukisomwa chini ya mwembe, mjukuu wake wa Lugufu ndiye alisoma. Alisahihisha mara mbili. Ya kwanza ilikuwa jina la aliyezama. Ya pili ilikuwa hatua kutoka mwembe mpaka jikoni. Mimi nilikuwa nimeandika ishirini na sita. Alisema: “Ni ishirini na nane. Wewe unatembea haraka.”

Tumeandika ishirini na nane.

Sasa twende kwenye bukari.